Mwisho Alioupenda Millicent

Nasema mapema nisije nikasingiziwa: mimi sikuupenda ule mwisho. Mtu anakuburuta miaka nenda miaka rudi nyuma ya mfalme na mkewe, unajua majina ya farasi wao kuliko ya majirani wa ploti yako, halafu siku ya mwisho anakufungia lango usoni na kukupitishia majina ya mafundi wa taa. Ningekuwa na namba ya simu ya aliyeandika ningempigia, na angejua mimi ni Syombua wa Mbotela, Nairobi.

Lakini kati yetu tuliokuwa saluni kwangu Jumapili ile, mmoja aliupenda. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia, maana tulizozana juu ya mfalme wa kwenye televisheni mpaka tukasahau kwamba mwenzetu ana mfalme wake.

Saluni yangu ni chumba kimoja chenye viti viwili vya kusukia, benchi la wanaongoja, na televisheni kubwa kuliko chumba. Niliinunua kwa akili za biashara. Mteja wa rasta hukaa asubuhi hadi jioni, na asipopewa cha kutazama ataanza kusengenya, na akishawamaliza wengine atanisengenya mimi. Tamthilia yenyewe, Taji la Moshi, ililetwa na Bwire, mume wa Millicent, dereva wa malori ya masafa marefu. Siku hiyo alikuwa amekuja kumngoja mkewe amalize kusukwa. Akachomoa flashi mfukoni akasema tuachane na hizo za mapenzi, tutazame watu wakipigana na majoka. Tukatazama kwa kumstahi tu. Kufikia jioni nilikuwa nimesahau dawa kichwani mwa mama mmoja wa kwaya, na hadi leo hanisalimii.

Basi ikawa desturi. Kila Jumapili baada ya kanisa, binamu yangu Muoki, mchonga vinyago, hupitia duka la filamu pale karibu na Jogoo Road akawekewa vipindi vipya, kisha anatuletea akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Sheria ni moja: hakuna kutazama mbele ya wenzako, na atakayeropoka yajayo atatununulia sote soda. Bwire alikosa Jumapili nyingi kwa sababu ya safari. Alikuwa akipiga simu kutoka barabarani, na kabla hata ya salamu anasema, "Msiniambie mbele." Muoki akawa anamwekea vipindi alivyokosa kwenye ile flashi yake, na akirudi anakaa nyumbani na mkewe wanamaliza kiporo.

Huu ni mwaka wa nne tangu lori lake likutwe kando ya barabara ya kwenda Juba, milango wazi, mzigo hakuna, dereva hakuna, utingo hakuna. Polisi wa huku walisema ni kazi ya polisi wa kule. Wa kule walisema hawajaona mwili wa mtu yeyote. Mwenye lori akaenda akachukua lori lake. Hiyo ndiyo habari yote aliyopewa Millicent, na mimi nimeieleza kwa urefu kuliko alivyoelezwa yeye.

Na kana kwamba aliyeandika Taji la Moshi alikuwa anatuchungulia dirishani, msimu uliofuata Mfalme Daremi akaingia Bonde la Majivu kutafuta moto wa kuwaokoa watu wake na baridi, asitoke. Mkewe, Malkia Seluna, akaamuru lango la kaskazini lisifungwe usiku wala mchana mpaka mumewe arudi. Maadui wakapitia hapo. Baridi ikapitia hapo. Wazee wakamsihi, akawaambia atakayeligusa atakatwa mkono. Mimi nilitaka tuache tamthilia hiyo tutazame mapishi. Millicent akanitazama kwenye kioo akasema, "Washa." Tena akamwomba Muoki aendelee kuijaza ile flashi, ambayo Bwire alikuwa ameiacha kwa huyo Muoki kabla ya safari ile, asiruke kipindi hata kimoja. Muoki akafanya hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hata mimi ambaye huuliza kila kitu.

Wakoli aliingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma. Yeye ni mdogo wake Bwire, anakaa Lucky Summer, anaendesha mashine kwenye kiwanda kimoja cha plastiki. Alikuwa akija Jumapili kumletea shemeji yake ujumbe kutoka nyumbani, Busia, kwa kuwa alijua lazima atampata kwangu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni. Ya pili akaegemea. Ya tatu akauliza yule mfalme mwenye ndevu ni nani, na tangu hapo hakukosa hata Jumapili moja. Sijaona mtu anayemshangilia Daremi kama Wakoli. Kila kipindi kilipoanza alikuwa akisema, "Leo anatoka." Kikiisha Daremi hajatoka, anasema jamaa anajipanga.

Ujumbe aliokuwa akiuleta ulikuwa mmoja tu, ulibadilishwa maneno. Kwao Samia, kule Busia, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukalazwa kwenye jeneza, ukaombewa na kuzikwa kama yeye. Kisha mjane hunyolewa nywele, na watu wanapumua. Mimi Mkamba nilipoelezwa mara ya kwanza niliuliza kama ndizi huliwa kabla au baada. Wakoli hakucheka. Jambo hilo haliendi bila mke. Yeye ndiye anayekubali, anayekaa kando ya jeneza, anayetupa udongo. Na Millicent kila akiulizwa alikuwa na jibu lake: "Nitafikiria, shemeji."

Aliwahi kuniambia mimi peke yangu, nikimwosha nywele, kwa nini hakubali. Akisema ndiyo, alisema, itakuwa ni yeye aliyemuua. Polisi hawakumuua, barabara haikumuua, bali neno lake yeye Millicent, binti wa Vihiga aliyeolewa Samia. Na je, kama yuko mahali amefungiwa, anahesabu siku, akijua kuna mtu mmoja anayemngoja? Niliongeza maji ya moto.

Ninavyojua mimi, watu hawana haraka ya kuzika bila sababu. Kwa hiyo nilimshuku Wakoli. Nilidhani ni shamba. Nilidhani akishazikwa mgomba, kipande cha Bwire kitatafutiwa mwenyewe, na mjane naye labda atatafutiwa. Nilikuwa nikimkaribisha kwa chai huku namhesabia vijiko vya sukari.

Jumapili ile ya mwisho alifika mapema, kabla ya Muoki, akamwita Millicent nje. Mlango wangu ni wa mabati na masikio yangu ni mazima, hivyo nilisikia yote. Wazee walikuwa wamekaa. Familia ingekutana mwezi ujao, na walitaka jibu leo leo, kabla jua halijatua, ndiyo au hapana. Na ikiwa ni hapana, hawatamuuliza tena. Millicent aliingia, akakaa kwenye kiti changu, akaniambia nimsuke matuta ya kurudi nyuma kama kawaida, yale aliyokuwa akisukwa tangu Bwire yupo. Nikachukua kitana.

Muoki akaja. Nerima, msichana anayenisaidia kazi, akafunga mlango nusu ili mwanga usipige kioo cha televisheni. Tukawasha.

Nitakieleza kipindi chenyewe kwa ufupi, maana hakistahili zaidi. Vita tulivyovingoja misimu mitatu vilikwisha kabla sijamaliza tuta la pili. Joka kubwa, lile lililokuwa likichoma miji, lilikufa likikohoa kama kuku mwenye mafua. Yule mchawi tuliyeahidiwa kwamba atarudi hakutajwa hata kwa salamu. Kisha Malkia Seluna, amezeeka, shali begani, anatembea peke yake hadi lango la kaskazini. Theluji imejaa pale mlangoni, na nyuma yake unaona watoto wa ngome wamejikunyata kwenye majani makavu. Anatazama nje muda mrefu. Analisukuma lango kwa bega. Linalia. Anashusha komeo. Giza. Majina.

Kwanza tulidhani stima zimepotea. Nerima alichungulia nje akaona kwa jirani redio inaimba, ndipo tukajua kwamba tumeachwa.

Muoki alikuwa wa kwanza kupata maneno. Kwa maoni yake waliishiwa na pesa, ndiyo maana hata joka lilikufa limelala, kwa sababu joka la kusimama ni ghali. Alisema hayo kwa uchungu wa mtu ambaye naye amewahi kukata miguu ya kifaru kwa kuwa mbao ilikuwa fupi. Nerima akakataa katakata. Kwake yeye tamthilia haijaisha, lazima kuna msimu mwingine, na ushahidi anao: baada ya komeo kushuka, gizani, yeye alisikia mtu akibisha.

"Zii, nimeskia na maskio yangu," akasema. "Amegonga mara mbili. Daremi ako hapo nje."

Tukarudisha nyuma. Kweli kulikuwa na kitu, ngo ngo. Muoki akasema huyo ni fundi wa jiko upande wa pili wa ukuta, anafanya kazi hata Jumapili, Mungu amsamehe. Tukarudisha tena. Fundi naye akaamua kunyamaza, na sauti ikawa haipo, au ipo kwa mbali, kila mtu akasikia aliloamini. Nerima akataka mara ya tatu. Millicent akasema kwa upole, "Acha sasa, Nerima." Nerima akaweka chini rimoti.

Hapo ndipo Wakoli akasimama. Nadhani alikuwa akijizuia, na uso ulikuwa umemvimba. Alianza kwa kusema wametubeba ufala, wametufanya wajinga. Akatembea hatua zote ambazo saluni yangu inaruhusu, akageuka, akaendelea. Huwezi, alisema, kumngojesha mtu hivyo halafu usimwonyeshe chochote.

"Mwili uko wapi?" akauliza, ananiuliza mimi, kana kwamba nimeuficha kwenye kabati la mafuta. "Umeona mwili? Umeona hata kiatu? Huwezi funga lango na hujaona mtu wako. Mtu hajafa mpaka aonekane. Huyo mama ndiye amemuua bwana yake, na mikono yake mwenyewe, na hilo komeo."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nililiona kabla yake. Mikono ilinisimama hewani na tuta halijafungwa. Muoki akatazama viatu vyake. Hata Nerima, ambaye mambo ya wakubwa humpita, aliacha kutafuna.

Millicent hakugeuka. Alimtazama Wakoli kupitia kioo, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama.

"Shemeji," akasema, "rudia."

Wakoli akafungua mdomo, ndipo maneno yake mwenyewe yakamfikia. Nilimwona yakimfikia. Akakaa kwenye benchi polepole.

"Nilikuwa naongelea TV, Mama Apondi," akasema. Apondi ni binti wa Millicent na Bwire, na hivyo ndivyo anavyomwita anapotaka kumheshimu.

"Najua. Rudia tu."

Hakurudia. Alichukua kitambaa cha kunyolea kilichokuwa pale benchini, akakikunja, akakikunjua. Nilikuwa na maneno tayari ulimini, na si mazuri, kuhusu watu wanaotaka kuzika migomba wakati wenyewe wanajua mtu hafi bila mwili. Nashukuru sikuyasema. Kwa sababu Wakoli alianza kulia, kimya kimya, mwanamume mzima mwenye mikono ya kiwandani, na alipoweza kuongea alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema Jumapili zile zote.

"Mimi siamini kama amekufa, shem. Sijawahi. Ni mama."

Akaeleza. Mama yao halali kitandani tangu habari ilipofika. Analala kwenye kiti, sebuleni, karibu na mlango. Kisa ni kwamba mara ya mwisho Bwire alipopitia nyumbani alifika usiku, akabisha sana, na mama yuko chumba cha ndani hakusikia. Bwire akaenda kulala ndani ya lori. Asubuhi walicheka naye, wakanywa chai, akaondoka, na ndiyo ikawa mara ya mwisho. Sasa mama amekataa chumba cha ndani. Miaka yote hii anakaa wima gizani ili asikie mlango. Miguu imevimba hata haingii ndala. Daktari alimwambia alale ameinua miguu, akamwitikia vizuri, akarudi kwenye kiti. Ndipo mzee mmoja wa ukoo akasema, huyu akionyeshwa kaburi atakwenda kulala. Hawana dawa nyingine.

"Mbona hukuniambia?" Millicent akauliza.

Wakoli alisema aliogopa. Angemwambia habari ya miguu ya mama, ingekuwa kama kumlazimisha kwa machozi ya mwanamke mzee. Aliona ni heri ailete kama mila, kwa sababu mila mtu anaweza kuikataa bila kuonekana mbaya.

Mimi namfahamu Millicent, nilijua amekasirika. "Nimegombana na mila yenu miaka hii yote," akasema, "kumbe nilikuwa nagombana na miguu ya mama. Ungeniambia miguu, Wakoli. Mimi nilidhani mnataka niseme amekufa."

Mimi nilikuwa najisikia vibaya kwa ile sukari.

Kisha akageuka kwenye kiti, kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze, akatutazama ana kwa ana. Akasema yeye ameupenda ule mwisho.

Muoki alimwuliza kama amekuwa mgonjwa. Siku nyingine tungemrukia sote, lakini siku hiyo tulingoja.

"Mnasema amemuua," akasema. "Mmemskia akisema amekufa? Hajasema. Hajalia, hajavaa nyeusi, hajaolewa na yule mfalme jirani aliyekuwa anamtaka. Amefunga tu. Mnaangalia nje, kwa bonde, mnatafuta Daremi. Mimi nimeangalia ndani. Mmeona watoto vile wamejikunja? Hiyo baridi ilikuwa inawamaliza hao. Na lango lina komeo. Akikuja, si atabisha? Si watamfungulia?"

"Si hata mimi nilisema kuna mtu amegonga," Nerima akanong'ona, na Muoki akamkanyaga mguu.

Nitasema nilivyohisi. Niliona aibu. Nimetazama misimu yote ya kitu kile, nimebishana na wateja, nimekosana na mama wa kwaya, na sikuwahi kuwatazama wale watoto kwenye majani. Nilikuwa nangoja joka.

Millicent akamgeukia Wakoli. Akamwambia atakwenda. Wachimbe, wakate mgomba, na yeye atakaa kando ya jeneza na udongo atautupa. Lakini ana neno moja. Mchungaji asisimame pale akasema Bwire amekufa. Hapana. Aseme familia imechoka na inaomba kupumzika, basi. Yeyote atakayesema amekufa, yeye Millicent atainuka arudi Nairobi na atawaachia mgomba wao.

Wakoli alisema wazee hawatapenda.

"Waambie ni mimi nimesema."

"Nitawaambia," Wakoli akajibu. "Nitasema ni sisi wawili."

Kisha Millicent akaketi sawasawa mbele ya kioo, akaniambia, "Syombua, fumua."

Sikuelewa. Nilimwambia nimeshasuka nusu, na ile nusu ni kazi safi, hata mstari haujapinda. Akasema anajua, lakini atanyolewa kule, na hataki mama wa watu ahangaike kufumua matuta ndipo amnyoe. Tena hataki kwenda na nywele za Bwire. Hizo zibaki hapa.

Nikafumua. Nimesuka na kufumua vichwa vingi Mbotela hii, vya maharusi, vya wafiwa, vya wanawake waliotoka kupigwa, na huwa silii, kwa sababu machozi yakidondoka kwenye mafuta mteja anajua. Siku hiyo nililia na sikujificha. Nerima alikuja upande wa pili akafumua nami. Tuta moja baada ya lingine, mpaka kichwa chote kikawa kama cha mtoto aliyeamka.

Wakoli alipiga simu nyumbani, akaweka sauti ya nje ili shemeji yake asikie. Iliitikiwa kabla haijalia mara mbili. Sauti ya mama mzee, kavu, karibu na simu sana. Hakuuliza nani. Hakusalimu.

"Mmempata?"

Wakoli akashindwa. Akainyoosha simu kwa Millicent kama mtu anayeomba asaidiwe mzigo. Millicent si wa Samia, na wakwe zake huongea naye Kiswahili, kwa hiyo tulielewa kila neno, hata tusilotaka.

"Hapana, mama," akasema. "Hatujampata. Lakini tunakuja wote, mimi na Wakoli na mtoto. Tutafanya ile kitu mlisema."

Upande ule kuku alisikika.

"Wewe umekubali?"

"Nimekubali, mama. Lakini na wewe unikubalie moja. Leo ulale kitandani."

"Na akikuja?"

"Akikuja atabisha kwa nguvu. Mwambie yule kijana wa ng'ombe alale hapo sebuleni, atamfungulia. Wewe ulale."

Mama mzee hakujibu ndiyo. Alisema Mungu awalinde barabarani, akakata. Wakoli aliishika simu mkononi muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kumsikia mama akikosa kubishana.

Nilipika chai. Nikamwekea Wakoli sukari bila kuhesabu, akainywa ikiwa tamu kama sharubati na hakulalamika. Watu walianza kuongea mambo ya kawaida, nauli za mwisho wa mwaka, ruhusa ya kiwandani, nani atamshika Apondi akilia. Millicent alifunga leso kichwani. Alikuwa ameshafika mlangoni alipomgeukia Muoki.

"Hii ya leo, umemwekea?"

Muoki alikuwa na ile flashi mfukoni, huwa haimwachi. Akaanza kujikuna. Akakiri kwamba hajaiweka. Mwenye duka alikuwa amemnong'onezea asubuhi kwamba mwisho ni mbaya, na yeye akaona haina haja kumpa Bwire kitu kibovu. Heri akomee pale pazuri, Daremi bado anategemewa.

"Mwekee," Millicent akasema. "Hakuna kuruka. Nataka iwe imetimia, nitaiweka kwa mfuko wa shati yake ya buluu."

Tulielewa ni shati gani, na kwamba ndilo litakalovishwa mgomba.

Wakoli akatikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu na macho bado mekundu. "Atakasirika, shem," akasema. "Vile alikuwa anampenda Daremi? Akifika hapo mwisho atakasirika vibaya sana."

"Wacha akasirike," Millicent akasema. "Akikasirika sana, aje aniambie."

Muoki akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuwahi duka la filamu kabla halijafungwa, na sisi tukarudi kukaa kwenye benchi tukimngoja.